Paja la Mama Mkwe

Dakta Wasike hakuogopa mtu. Aliwahi kumwambia profesa mmoja wa kizungu, mbele ya chai na maandazi, kwamba hesabu zake zilikuwa za mtoto wa chekechea. Aliwahi kumfukuza nyoka maabarani kwa ufagio huku sisi wengine tukiwa juu ya meza. Lakini akimwona mama mkwe wake ng'ambo ya barabara, aliingia mtaroni. Ninaposema mtaroni nina maana ya mtaro wenyewe. Siku moja alitoka kwenye mmoja karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, akiwa na matope hadi kwenye tai.

Mimi ni Mjaluo, na sisi pia tunamheshimu mkwe. Hatumtanii, hatuli naye sahani moja. Lakini kwa Wabukusu mkwe ni serikali nzima. Mwanamume hampi mkono mama wa mke wake, haketi naye chumba kimoja, hamtazami usoni, na jina lake halitamki. Wakikutana njiani, mmoja lazima apotee. Nilidhani wasomi huliacha jambo hilo uwanja wa ndege wanapokwenda Ulaya. Wasike alikaa Ulaya miaka mingi, akarudi na digrii mbili, koti la baridi, na heshima ya mkwe ikiwa nzima kama alivyoondoka nayo.

Haya yalitokea mwaka wa 1974. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda dunia nzima, na kamba za nailoni, ambazo hutokana na mafuta hayo hayo, zikawa hazishikiki. Wavuvi wetu wakarudi kwenye kamba za katani. Katani ina nguvu, lakini maji haiyawezi: inakunywa ziwa, inavimba, inaoza, na asubuhi mtu anakuta mtumbwi wake umehamia kwa jirani. Maabara yetu ilikuwa ndani ya ghala la zamani la pamba karibu na gati, na kazi yetu ilikuwa kujua kwa nini uzi wa mmea hunywa maji na ufanyweje uyakatae. Dakta alishikilia kwamba jibu halimo ndani ya uzi. Limo juu yake, kwenye utando mwembamba usioonekana kwa macho. Mimi, Selpha Aoko, nilikuwa msaidizi wake. Nilipiga taipu, nilikata sampuli, na nilisema yale ambayo wengine walikuwa wanaogopa kumwambia.

Tulikuwa na hadubini ya elektroni, zawadi ya serikali moja ya ng'ambo. Usifikirie ile hadubini ya shule ya kuchungulia kwa jicho moja. Hii ilikuwa na kimo cha kabati, pampu ya kunyonya hewa iliyonguruma mchana kutwa, na skrini ya kijani. Uzi uliotaka kuutazama uliubandika kwenye kisahani cha chuma ukubwa wa kifungo, kisha ukaupaka dhahabu. Dhahabu ya kweli, tabaka dogo sana, kwa sababu bila hiyo picha haitulii. Habari za dhahabu zilipofika mtaa wa Nyalenda, watu walianza kutuletea kamba za mbuzi bila kuombwa, na kuuliza watarudishiwa lini.

Ubaya ni kwamba mashine ilikula umeme na haikuzaa kitu. Mkurugenzi wetu wa Nairobi, Bwana Walter, akapiga simu. Alisema anakuja Ijumaa. Dakta amwonyeshe utando unaozuia maji, amwambie ni kitu gani, na auunde tena mbele yake. Akishindwa, mashine itapakiwa kwenye garimoshi iende Nairobi, na Dakta aifuate.

Dakta aliweka simu chini. Metrine, mke wake, alikuwa na mimba ya kwanza, na alikuwa ameapa kwamba hatazaa mahali ambapo mama yake hawezi kufika kwa miguu. Mama huyo, Nabututu, alikuwa mjane wa Nyalenda, na watoto wake wengine walikuwa wametawanyika mpaka Mombasa. Dakta alikuwa amemwahidi Metrine kwamba hawahami. Sasa ahadi hiyo ilining'inia kwenye kipande cha kamba.

Nilitumwa kununua kamba za kujaribu. Nilizitoa Sondu, nikazitoa Pap Onditi, nikamalizia Nyalenda kwa sababu ni karibu na nilikuwa nimechoka. Tukazilaza mezani, tukadondoshea kila moja tone la maji ya ziwa. Ya Sondu ikanywa. Ya Pap Onditi ikanywa kama iliyotoka safari. Ile ya Nyalenda ikakataa. Tone likasimama juu yake, likawa duara, likabingirika mpaka sakafuni.

Dakta akacheka peke yake. Akaosha kipande kimoja kwa spiriti na kukidondoshea tena, nacho kikanywa kama wenzake. "Umeona?" akaniuliza. "Kuna kitu juu yake, na spiriti imekiondoa." Akakipaka dhahabu kipande kingine, tukakiingiza kwenye mashine, tukasubiri pampu imalize kunguruma kwake.

Utando ulikuwepo. Nyuzi nyingine zilikuwa na mashimo na makovu, lakini hii ilikuwa imefunikwa laini kutoka upande hadi upande. Na juu ya utando kulikuwa na kitu kingine, vipande vyembamba vilivyopandana kama mabati ya paa.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Ngozi," akasema. "Ngozi ya mtu. Anayesokota kamba pajani huacha ngozi yake kidogo." Akazungusha kirungu cha kukuzia picha, paa likajaa skrini nzima, limekuzwa mara elfu. Akaisogelea mpaka pua ikaribie kioo. "Tazama mpangilio huo, Selpha. Mimi nimeona ngozi nyingi kwa hii machine, lakini hii ni nzuri. Hii ni very, very nice. Ni ya nani?"

Nilikuwa ninamenya njugu, sikufikiri. "Ya Mama Nabututu," nikasema. "Mama yake Metrine."

Sijawahi kumwona msomi akifumba macho kwa nguvu kiasi kile. Alijitupa nyuma na kiti chake, akaanguka, na hapo chini akafunika uso kwa viganja.

"Zima," akasema.

"Si uzime wewe, Dakta, swichi iko hapo karibu na goti yako."

"Siwezi fungua macho. Selpha, nakuomba kama mama yangu. Zima."

Nikazima. Alitoka nje akapapasa ukuta mpaka kwenye bomba, akanawa uso mara nyingi. Mimi nilibaki ninacheka mpaka njugu zikanipalia, na Mungu anisamehe.

Jioni hiyo alikwenda kwa Mzee Masinde, ndugu wa baba yake, aliyekuwa amestaafu kazi ya reli na ambaye ndiye aliyesimamia mambo ya mila kwa Wabukusu wa mjini. Akanichukua niwe shahidi kwamba hakuona kwa kusudi. Aliuliza swali lake kwa lugha ya kisayansi. Je, kuona kwa mashine ni kuona? Kwa maana kilichogusa ngozi ni elektroni, na kilichogusa jicho ni mwanga wa skrini, basi kwa hakika jicho na paja havikukutana.

Mzee Masinde alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki.

"Kijana yangu," akasema, "paja ya mama mkwe ukiiona hata kwa ndoto, umeona. Fine yake ni mbuzi, tangu babu zetu. Hiyo machine inafanya kitu ikuwe kubwa namna gani?"

"Mara elfu, Baba," Dakta akajibu. Ukweli ulikuwa ugonjwa wake.

Mzee akakohoa. "Basi hapo hata mbuzi tutauliza zikuwe kubwa namna gani," akasema. "Nenda kwanza. Hii kesi ni mpya. Lakini huyo mama asijue mpaka wazee tukae."

Tangu hapo Dakta alifanya kazi kama mtu aliyefungwa mkono mmoja. Utando alikuwa nao, lakini hakujua ni wa nini. Akapaka katani samli, ikanywa. Akapaka mafuta ya samaki kamongo, ikanywa na kunuka. Akapaka mafuta ya nywele ya Metrine, ikanukia vizuri na kunywa vile vile. Mtu mmoja tu mjini Kisumu alijua kilichokuwa juu ya kamba ile, na mtu huyo ndiye ambaye Dakta hakuweza kumwambia hata hujambo. Na hata kama angeweza, angeanzia wapi? Mama, shikamoo, unajipaka nini pajani? Kuna maswali ambayo hata Mjaluo hawezi kumuuliza mkwe wake.

Akanitazama. Nikajua.

Nilimkuta Nabututu mlangoni kwake, ameketi kwenye kigunia, leso imefunika miguu isipokuwa pale pa kazi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye uso wa mtu anayesali sana. Ndiye aliyefagia kanisa na kumtunzia Padri Wakhisi nguo zake za ibada. Nilizunguka kidogo na habari za mvua, za bei ya mahindi, kisha nikaingia.

"Mama, hii kamba yako inakataa maji. Unapakanga nini?"

Mkono wake ukasimama. "Mimi sipaki kitu. Ni jasho tu, na neema ya Mungu."

"Jasho haiwezi, Mama. Daktari ameangalia. Iko kitu juu yake."

"Ameangalia na nini?"

"Na machine. Tunaweka kamba dhahabu kidogo, halafu machine inaona."

Akaniangalia kwa huruma. "Dhahabu? Nyinyi mnapaka kamba ya mbuzi dhahabu, halafu mnakuja kuniuliza mimi napaka nini?"

Hapo alikuwa na haki yake, na sikubisha. Nikamwambia yaliyobaki, yote isipokuwa paja. Nikamwambia kwamba tusipojua Ijumaa, mashine inakwenda Nairobi, na mkwewe nyuma yake, na Metrine nyuma ya mkwewe pamoja na tumbo lake. Alisokota muda mrefu bila kuniangalia.

"Ni neema ya Mungu," akasema tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongopa na kuumia. Nikarudi mikono mitupu.

Ijumaa ikafika, na Bwana Walter na suti yake ya kijivu. Kwetu hakuna shughuli inayofunguliwa bila maombi, kwa hiyo ofisi ilikuwa imemwalika Padri Wakhisi aje aombe na kuibariki mashine. Padri akafika. Nyuma yake, amebeba ndoo ndogo ya maji ya baraka na mfuko wa vifaa, akaja mtu wa kumsaidia kazi hizo siku zote. Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo.

Dakta alikuwa dirishani. Alimwona Nabututu akipanda ngazi. Maabara ilikuwa na mlango mmoja wa kutoka, na Nabututu alikuwa ndani yake. Dakta akageuka kulia, akageuka kushoto, akaruka ndani ya chumba cha giza cha kusafishia picha, akajifungia kwa komeo.

"Dakta Wasike yuko wapi?" Bwana Walter akauliza.

"Yuko hapo ndani, anasafisha picha," nikasema.

"Karibuni wageni," mlango ukasema.

Padri akaomba. Alipotaka kuinyunyizia mashine maji nilisimama katikati, nikapokea baraka zote mimi, maana umeme haujui maji ya nani. Kisha Bwana Walter akavuta kiti mbele ya skrini, na Dakta akaanza kutoa maelezo yake kupitia mbao za mlango. Alisema vizuri. Alieleza jinsi maji hupenda kushikamana na uzi, na jinsi utando wa mafuta unavyoyafukuza, na mimi nikazungusha virungu na kuonyesha. Nabututu alikaa pembeni, ndoo magotini, ameutazama ule mlango bila kupepesa.

"Kwa nini hatoki?" Bwana Walter akaniuliza.

Padri Wakhisi, ambaye ni Mbukusu wa Kimilili, akautazama mlango, akamtazama Nabututu, akaelewa kila kitu. "Bwana Mkurugenzi, mwache akae huko," akasema. "Iko sheria."

"Sheria gani?"

"Ya zamani kuliko hii ofisi yako."

Bwana Walter hakuridhika, akashika kirungu mwenyewe. Nilijaribu kuuzuia mkono wake, lakini mkurugenzi huwezi kumpiga mkono. Picha ikateleza, na yale mabati yakajaa skrini nzima.

"Hiki ni nini?"

"Mabaki," mlango ukasema.

"Mabaki ya nini?"

"Ya mtengenezaji."

"Ni ngozi ya mtu aliyesokota, bwana," nikasema haraka, ili tupite. Sikumwangalia Nabututu. Sikuhitaji, kwa sababu nilisikia maji yakicheza ndani ya ndoo.

"Sawa," Bwana Walter akasema. "Na utando wenyewe ni kitu gani?"

Nilitamani Dakta aongope. Angesema jina lolote refu la kemia, nani angemhoji? Lakini nimekwisha kusema ugonjwa wake.

"Sijui," mlango ukasema. "Nimejaribu vitu vingi. Bado sijui."

Bwana Walter akafunga koti lake kifungo. "Basi nasikitika, Dakta. Jumatatu watakuja kuipakia."

Pampu ilinguruma. Nyuma ya mlango nilimsikia Dakta akiketi sakafuni. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikawakasirikia wote.

Nabututu akaweka ndoo chini na kusimama.

"Hiyo ngozi ni yangu," akasema. "Na hiyo kitu juu yake ni mshumaa. Padri, nisamehe. Ile vipande inabakinga altareni baada ya misa, mimi nachukua. Nasugua kwa paja, ndio katani isinikate. Sipaki kitu ingine. Ni mishumaa ya kanisa."

Padri Wakhisi akamgeukia. "Nabututu," akasema taratibu, "mimi mwaka mzima nimewekea panya sumu."

"Nta!" mlango ukapiga kelele. Kisha ngumi zikapiga mbao kwa ndani. "Selpha, ni nta! Na mimi nilikuwa napaka baridi! Yeye anasugua, paja inapata moto, nta inayeyuka inaenea kidogo kidogo kila mahali. Mkurugenzi, tunaweza kuirudia! Sasa hivi tunaweza!"

Bwana Walter akasema aone. Hapo pakawa na shida nyingine, kwa sababu kuona maana yake ni kusokota, na kusokota maana yake ni paja. Nabututu akasema hafungui leso mbele ya wanaume, aje Mkurugenzi, aje Rais. Basi Padri akamshika Bwana Walter bega, akamgeuza. Hivyo ndivyo sayansi ilivyothibitishwa Kisumu: mkurugenzi na padri wameelekea ukuta kama wanafunzi waliochelewa, daktari amejifungia gizani, na wanawake wawili ndio wanaofanya kazi. Nilimpa Nabututu katani. Akauliza kama tuna mshumaa. Hatukuwa nao. Akamwangalia Padri mgongoni, akatia mkono ndani ya ule mfuko wa vifaa vya ibada, akatoa kipande. Nikajua ni cha asubuhi hiyo.

Alisugua, akasokota, kiganja kikienda na kurudi, na nikasikia harufu ya misa. Alipofunika miguu niliwaambia wageuke. Nikadondosha tone mbele yao. Likasimama, likawa duara, likabingirika likaanguka kwenye kiatu cha Bwana Walter.

Alilidondosha la pili mwenyewe, na la tatu. Halafu akafungua kifungo cha koti. "Mashine ibaki," akasema, na akauliza kama kuna soda.

Walitoka kwenda kunywa soda barazani, Padri akisema kwamba sasa atalazimika kumwandikia Askofu habari za mishumaa, na hajui aanzie wapi. Nabututu akabaki kukusanya vitu vyake. Mimi nilibaki naye.

"Asante, Mama," mlango ukasema.

Lilikuwa neno la kwanza ambalo Wasike alimwambia mama mkwe wake. Kwa mila hakutakiwa kulisema, na Nabututu hakutakiwa kulijibu. Hakulijibu. Alishika mpini wa ndoo, akasimama hapo akiutazama mlango, kisha akanigeukia mimi na kuongea kwa sauti ya chini, ingawa mbao zile zilikuwa nyembamba na Dakta angesikia hata mtu akimeza mate.

"Selpha. Huyo mtu yuko namna gani?"

"Namna gani vipi, Mama?"

"Uso yake. Siku ya harusi mimi niliona viatu tu. Hii mtoto ikizaliwa, nitajuaje imefanana na nani?"

Nilijikuta sina cha kuchekea. Mwanamume yule alikuwa ameiona ngozi yake imekuzwa mara elfu, na hawakuwa wamewahi kuonana nyuso. Basi nikamweleza. Nikamwambia ana paji kubwa na masikio yaliyosimama, ana mwanya, akicheka anafunga jicho moja, na shavuni ana kovu dogo la ndui. Nikaeleza polepole, na sikuongeza chumvi hata kidogo, jambo ambalo si kawaida yangu. Aliitikia kila kitu kwa kichwa, kama mtu anayeagizwa vitu vya dukani na hataki kusahau kimoja.

"Masikio imesimama," akarudia.

"Imesimama sana, Mama."

"Ni sawa," akasema. "Nitaitambua." Akaweka ndoo kichwani, akapita barazani bila kunywa soda, akashika njia ya Nyalenda.